Barua ya Chifu na Kadi ya Mtihani

Kila mwaka vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, saiba yangu, duka langu la kompyuta na uchapishaji hapa Luanda, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, hugeuka kama zahanati. Watu huingia wakinong'ona. Hakuna anayetaja shida yake mpaka aliye mbele yake atoke. Aliyekuja kuchapisha programu ya mazishi husema kwa sauti, hana cha kuficha, lakini aliyekuja kujaza fomu ya ufadhili huinama kwenye kaunta na kuniuliza polepole, "Wewe ndiye unajua hii mambo ya bendi?"

Ninaijua, kwa kiasi chake. Nimejaza fomu hizo tangu mwaka wa 2023 mpango mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu ulipoanza. Zamani Serikali ilikuwa ikipeleka pesa kwa chuo, na chuo kikijua chenyewe kitakavyozigawa. Siku hizi mwanafunzi anapimwa yeye na jamaa zake: kipato cha wazazi, ukubwa wa familia, ndugu wangapi wako shuleni, ulisoma shule gani, nani amekufa, nani yuko hai. Mashine inameza hayo yote na kutema tarakimu moja, kati ya 1 na 5. Hiyo ndiyo bendi. Sisi Wanyore tuna wazee wa ukoo wa Nganyi wanaosifika kwa kutabiri mvua, na hata wataalamu wa hali ya hewa wa Serikali wamewahi kuketi nao. Bendi hakuna aliyeweza kuitabiri.

Mwezi wa nane mwaka juzi alikuja mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na steji. Alikuwa na mfuko wa nailoni wa zamani, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka wa 2017, umekunjwa mara tatu na kufungwa kwa uzi wa gunia. Akaufungua juu ya kaunta yangu kama mtu anayefungua dawa. Kitambulisho chake. Cheti cha kuzaliwa cha kijana. Barua ya chifu yenye mhuri wa zambarau uliovuja upande mmoja. Kadi ya kliniki ya mtoto, sijui ya nini. Kibali cha mazishi cha mumewe, kimechanika kwenye mkunjo kiasi kwamba jina la marehemu lilikuwa upande mmoja na tarehe upande mwingine.

"Mwanangu, wamesema sisi ni Bendi 4," akasema. "Hiyo nne ni nzuri?"

Nilijua si nzuri, tena nilijua ni kwa nini, maana fomu ya kijana wake niliijaza mimi.

Nitarudi hapo. Kwanza hesabu, kwa sababu yeye mwenyewe aliitaka. Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Aliye Bendi 1 hupewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na nyumbani watafute asilimia 5, yaani shilingi 10,000. Aliye Bendi 4 hupewa ufadhili wa asilimia 40, mkopo wa asilimia 30, na nyumbani watafute asilimia 30 iliyobaki. Hiyo ni shilingi 60,000. Hata mkopo wa matumizi hupungua: wa kwanza hupata 60,000 kwa mwaka, wa nne 45,000. Nikamwandikia kwenye karatasi ya nyuma ya risiti. Akatazama, akaguna.

"Elfu hamsini juu," akasema. "Kwa gorogoro moja mimi hubaki na hamsini bob. Ni gorogoro ngapi hizo?"

Ni elfu moja. Gorogoro, yaani makopo ya kupimia, elfu moja za ziada, kwa mwaka, juu ya zile anazouza ili wale. Na ipo miezi katikati ya mwaka ambapo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, na meza yake hubaki na nyanya tu.

Mimi pia nilisomeshwa kwa fomu. Nilifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka wa 2007, nikakaa nyumbani karibu miaka miwili nikingoja, kwa sababu enzi hizo vyuo vilikuwa na msongamano na JAB, bodi iliyotupangia vyuo, ilikuwa ikituita kwa zamu. Nilifyatua matofali, nikafundisha shule ya msingi ya kanisani kwa mshahara wa mahindi. Niliingia chuo kikuu cha umma ambacho sitakitaja, mwaka wa 2009. Karo ya masomo ilikuwa ileile shilingi 16,000 iliyokuwapo tangu miaka ya tisini. Ukiongeza chumba na vijidude vingine vya usajili, ilizidi hapo. Msomaji wa leo akisikia 16,000 hucheka. Kwetu haikuwa pesa ya kuchekewa.

Mjomba wangu aliyesoma miaka ya themanini alikuwa akitusimulia jinsi walivyolishwa nyama na kupewa bumu, yaani pesa za matumizi, hata baadhi yao wakawatumia wazazi. Mkopo ulikuwapo tangu mwaka wa 1974, lakini uliulipa ukipenda, ndivyo alivyotuambia, na mimi naamini. Kisha Benki ya Dunia na IMF wakakaza kamba, na kuanzia mwaka wa 1991 karo ikaanza kutozwa mwanafunzi mwenyewe. HELB ikaundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995 ili itoe mikopo na kuifuatilia. Neno bumu tulilirithi bila nyama yake.

Fomu ya HELB ya wakati wangu ilikuwa ya karatasi. Ilitaka chifu, ilitaka wakili, ilitaka benki, ilitaka wadhamini wawili wenye vitambulisho. Mdhamini wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Wa pili alikuwa shangazi, aliyeuliza mara nne kama wakija kukamata watu watamkamata yeye. Nikapewa mkopo, nikashukuru. Pengo lililobaki tulilijaza kwa basari, yaani msaada wa karo.

Basari ya eneo bunge naijua kwa pande zote mbili, kama mwombaji na sasa kama mwandishi wa barua za waombaji. Fungu huwa dogo na wenye njaa ni wengi, kwa hiyo hukatwa vipande vidogo ili kila kijiji kisikie harufu. Elfu tatu hapa, elfu tano pale. Mwanasiasa akisoma majina kwenye mkutano yanakuwa mengi, na makofi yanakuwa mengi vilevile. Lakini elfu tatu haimwingizi mtu chuoni. Humfikisha langoni tu.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa wa kwanza darasani. Sisemi kwa majivuno, matokeo yalibandikwa ukutani. Nilikuwa nasomea uchumi, na kampuni moja ilikuwa imetangaza tuzo: mwanafunzi atakayeongoza mwaka mzima angelipiwa karo yote ya mwaka unaofuata. Wenzangu walishaanza kuniita Mfadhiliwa. Nilibakiza muhula mmoja.

Muhula huo nilikuwa nadaiwa shilingi 9,400. Jina langu lilikuwa limetoka kwenye orodha ya basari, elfu kumi, nimeliona kwa macho yangu limebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Hundi ndiyo haikuwa imetoka. Chuoni sheria ilikuwa moja: hujamaliza karo, hupewi kadi ya mtihani, na bila kadi huingii. Mitihani minne ya kwanza niliingia kwa barua ya muda. Barua ikaisha siku yake kabla ya ule wa tano, Takwimu.

Msimamizi mlangoni alikuwa mwalimu wangu. Alinitazama, akatazama mikono yangu mitupu, akasema, "Kaa hapo nje kwanza, pengine wataleta majina." Majina hayakuja. Nilikaa chini ya mjakaranda saa mbili nzima. Mwenzangu alipotoka alinipa karatasi ya maswali, nami nikaichukua na kuanza kuyajibu palepale kwenye daftari langu, sijui nikimjibia nani. Swali la tatu lilihusu sampuli. Kwamba ukiwachagua watu wa kupima kwa njia iliyopinda, majibu yatapinda hata kama hesabu yako ni safi. Nililijibu vizuri sana.

Hundi ilifika baada ya siku kumi na tatu.

Takwimu nilikuja kuifanya miezi sita baadaye kama mtihani maalum, nikapata 78. Kwenye cheti changu hakuna anayeweza kuona tofauti. Lakini kanuni za tuzo zilitaka mitihani yote ifanywe kwenye kikao cha kawaida, na aliyeandika kanuni hiyo, nina hakika, alikuwa akiwawazia wanaokimbia mtihani kwa sababu hawakusoma. Hakumfikiria anayesimama nje akiwa amesoma.

Tuzo alipata msichana wa Nakuru aliyekuwa akinifuata kwa alama. Sina neno baya juu yake. Alikesha kama nilivyokesha, tena daftari zake ndizo tulizokuwa tukinakili sote. Baba yake alikuwa na malori, na karo ya miaka yote minne alikuwa ameilipa mapema ili asisumbuliwe. Kwa hiyo pesa ya tuzo ilipoingia haikuwa na deni la kufuta. Ilikaa kwenye akaunti yake ya karo kama salio, muhula baada ya muhula, mpaka tulipohitimu akaandika barua ya kuomba arudishiwe. Alinionyesha karatasi ya akaunti siku moja tukiwa kwenye foleni ya chakula, akiona aibu kidogo. "Sasa hii nitaifanyia nini?" akaniuliza. Nilimwambia anunue chapati, akanunua. Mpaka leo ni rafiki yangu, na ndiye alinisaidia kununua printa ya kwanza ya hii saiba.

Miaka mingi baadaye, nikikamilisha malipo ya HELB, ndipo jambo moja lilinijia ambalo sikuliona nikiwa mwanafunzi. Msaada nilioupata kwa sababu ya uhitaji niliulipa wote, pamoja na riba ya asilimia 4, na mwezi niliochelewa niliona faini ya shilingi 5,000 ikining'inia juu ya kichwa. Tuzo aliyopewa mwenzangu kwa sababu ya alama ilikuwa zawadi. Yaani mwenye shida alikopeshwa, mwenye nafuu akatunzwa. Na hakuna aliyekaa mahali akapanga iwe hivyo. Kila mfuko ulikuwa na sababu zake nzuri, ila mifuko hiyo haikuwahi kuketi meza moja.

Ndiyo maana mpango wa mwaka wa 2023 ulipotangazwa mimi ni mmoja wa waliousifu, na wateja wangu wanakumbuka. Angalau sasa mwenye uhitaji anapewa ufadhili usiolipwa na mkopo kwa pamoja, na fomu ni moja. Alama zimewekwa langoni tu: ukipata C+ kwenda juu unaweza kuitwa kusomea digrii, na ukishaingia hakuna anayekuuliza tena kama ulipata A au B-. Wapo wazee wanaokasirishwa na hilo. Jirani yangu ana binti aliyepata A-, akapangiwa Bendi 5, ufadhili asilimia 30 na nyumbani asilimia 40, na kila akipita hapa lazima aniulize kama kusoma kwa bidii kumekuwa kosa. Simpuuzi. Mtoto aliyekesha anataka kusikia kwamba kuna mtu aliyeona taa yake. Ila nikipewa mimi elfu kumi ya kugawa, nikawa na kombe la kumpa wa kwanza darasani upande huu na upande ule mtoto amesimama nje ya chumba cha mtihani kwa deni la 9,400, sitafikiri mara mbili. Kombe litangoja. Tena kile kiasi kidogo cha wiki ya mtihani ndicho ambacho hakuna mfuko unaokijali. Wafadhili wanapenda kulipa mwaka mzima wapigwe picha, na basari hufika wakati wake yenyewe.

Mahakama nayo ilisema yake. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo unakiuka katiba, baada ya watetezi wa haki kushtaki, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Wateja wangu waliniuliza maana yake. Niliwaambia wajaze fomu.

Kuna jambo lazima nilikiri. Barua za kuomba basari ninazoandikia watu, kwa shilingi 50, zimeanza kufanana. "Mimi ni mtoto wa tano katika familia ya watoto saba. Mama yangu ni mjane asiye na kazi ya kudumu." Nimeona macho ya mtu yakilegea nikimsomea barua yake mwenyewe, kana kwamba nimemsimulia habari za mtu mwingine. Kijana mmoja aliwahi kuniomba nimuue baba yake kwa maandishi. Baba yupo, ana pikipiki, lakini hamlipii, na fomu haina kisanduku cha baba aliyepo ambaye hayupo. Nilikataa, akaenda saiba ya pili. Sijui kama nilifanya vema. Naijua shida yake ilikuwa ya kweli na uongo wake ulikuwa tafsiri tu.

Na yule mama wa omena shida yake ilikuwa kinyume: alikuwa na ukweli wote lakini haukuwa na karatasi. Mumewe alifariki wakati ambao watu hawakutaka safari za mjini, akazikwa kwa kibali, na cheti cha kifo hakuna aliyekifuata. Bila cheti, kwenye fomu mtu huyo bado anaishi. Hilo la kwanza.

La pili ndilo langu. Kijana wake alikuja hapa usiku mmoja, watu saba kwenye foleni, stima ikirudi na kupotea. Alikuwa amepata B-, ameitwa kusomea ualimu. Shule yake ya sekondari ilikuwa ya jina kubwa na karo kubwa, maana alipoingia kidato cha kwanza mhisani fulani kupitia kanisa alijitolea kumlipia. Nilifika mahali pa kusema nani alikuwa akimlipia karo. Nikamuuliza bila kuinua macho. Akajibu, "Mama ndiye alikuwa akilipa." Nikabonyeza mzazi, nikasonga mbele.

Na kweli mama ndiye alikuwa akilipa. Kanisa lilimkabidhi hundi mkononi, akapanda matatu, akaipeleka mwenyewe kwa mhasibu wa shule kila muhula, akarudi na risiti. Mtoto alisema alichokiona. Mashine nayo ikasoma ilichoandikiwa: baba yu hai, mama anamudu shule ya namna ile. Kwa hesabu hiyo, Bendi 4 ni haki kabisa. Lile swali la tatu la Takwimu limenifuata mpaka kwenye kaunta yangu.

Nilimwambia mama hivyo hivyo, kwamba kosa la pili ni langu. Nilitarajia anikaripie. Alivuta kiti cha wateja akaketi, akaangalia skrini kwa muda.

"Inaweza kufutwa?"

"Tunaweza kukata rufaa, mama. Lakini wanataka ushahidi."

Basi tukaanza. Nilimtuma kwa chifu tena, safari hii barua iseme wazi kwamba mume ni marehemu na kwamba ada ya sekondari ililipwa na mhisani. Nilimtuma kwa kasisi alete barua yenye nembo. Nilimweleza namna ya kuomba cheti cha kifo kilichochelewa, kwamba atahitaji kile kibali, na kwamba asikipinde tena. Nilibandika vipande viwili vya kibali kwa gundi ya karatasi juu ya kioo cha skana, nikalinganisha mstari na mstari, jina likakutana na tarehe. Alisimama nyuma yangu akitazama. Ilipotokea kwenye skrini, kubwa na safi, aliinama akalisoma jina la mumewe kwa sauti, mara moja, kama mtu anayeita mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio.

Alizunguka wiki mbili. Barua ya kasisi ilikuja na makosa ya tahajia, tukairudisha. Hela ya nauli ya kwenda kufuatilia cheti aliitoa kwenye kitambaa kilichofungwa kiunoni, na nilipokataa malipo yangu aliniletea omena iliyokaushwa vizuri, gorogoro nzima, akaiweka chini ya kaunta bila kusema kitu. Niliihesabu kama moja kati ya zile elfu.

Jioni tulipotuma rufaa, saa kumi na mbili na nusu, mvua ilikuwa imeshaanza upande wa Maseno. Nilimchapishia nakala, nikazipanga karatasi zote kwa mpangilio, nikazirudisha ndani ya mfuko wa nailoni na kumpa. Hakuupokea.

"Ziweke hapa kwako," akasema, akijifunika leso kichwani. "Kwangu kunavuja."

Zimo kwenye droo ya pili, chini ya katriji za wino.